Tikolo hakuiua kriketi ya Kenya, sisi wa Nyanda za Juu tunamsoma vibaya

Tangu vijana wetu wa Tanzania wa chini ya miaka 19 wafuzu Kombe la Dunia la kriketi kwenye mashindano ya Lagos mwaka 2025, mara ya kwanza kabisa katika historia ya nchi, wakapata tiketi ya kwenda Zimbabwe na Namibia Januari 2026, na kaka zao wakubwa wakafika nusu fainali ya Afrika pale Harare Oktoba 2025 wakatolewa na Namibia wakiwa wamebakiza mechi moja tu kuingia Kombe la Dunia la ova 20 (ova moja ni mipira sita ya kurushwa), huku kwetu Mbeya nimekuwa nikisikia jibu moja linarudiwa na watu ambao kiukweli wanajua michezo. Wanasema tulieni, Kenya walikuwa na Tikolo, wakafika nusu fainali ya dunia, leo wako wapi? Wanamaanisha kwamba kriketi ya Afrika Mashariki ni habari ya mtu mmoja, kipaji kimoja kinaangukia sehemu, kinabeba nchi miaka kadhaa, kikizeeka mchezo nao unazikwa, kwahiyo hamna haja ya mtu wa Uyole wala Kihesa kuhangaika.

Mimi naona wameisoma hii habari kichwa chini miguu juu. Maisha ya Steve Tikolo ukiyafuata toka mwanzo mpaka mwisho yanaonyesha kwamba Kenya hawakuanguka kwasababu walimtegemea mtu mmoja mwenye kipaji, walianguka kwasababu mazingira yaliyomzaa yeye na wenzake yaliachwa yakafa huku yeye bado anacheza, na alicheza muda mrefu kupita kiasi kwasababu nyuma yake hakukuwa na mtu. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inatuambia tukae tusubiri bahati. Ya pili inatuambia kuna kazi ya kufanya na inajulikana ni ipi.

Kwa ambao hawamjui, Tikolo alizaliwa Nairobi Juni 1971. Ni mpigaji, mtu wa beti, lile gongo la kupigia mpira, ila alikuwa anarusha mpira pia. Mechi yake ya kwanza rasmi ya kimataifa ya siku moja ilikuwa Kombe la Dunia 1996 dhidi ya India pale Cuttack, akapiga mikimbio 65 (mikimbio ndio pointi za kriketi) mbele ya timu ambayo wengi wa wenzake walikuwa wanawaona kwenye TV tu, na wiki mbili na kidogo baadaye dhidi ya Sri Lanka, ambao ndio walikuja kuwa mabingwa wa dunia mwaka ule, akapiga 96 wakati wapinzani walikuwa wameshaweka mlima wa mikimbio 398. Alikwenda Kombe la Dunia mara tano, 1996, 1999, 2003, 2007 na 2011, mechi za siku moja zaidi ya 130, mikimbio zaidi ya 3,400 na wiketi zaidi ya 90, yaani wapigaji wa upande wa pili aliowatoa. Kuna watu duniani waliompa jina la mpigaji bora kutoka nchi ambazo hazina hadhi ya kucheza Testi, zile mechi za siku tano ambazo wenye kriketi wanaziona ndio mchezo wenyewe. Hiyo hadhi ndio tatizo la maisha yake yote, maana Kenya waliiomba na hawakuipata mpaka anastaafu.

Na hapa kuna mechi moja ambayo wanaomtaja Tikolo huwa hawaitaji. Mwaka 1997, Kuala Lumpur, fainali ya mashindano ya nchi ndogo, Kenya na Bangladesh. Tikolo akapiga 147 peke yake katika 241 za Kenya. Mvua ikanyesha, hesabu zikabadilishwa, Bangladesh wakapewa ova 25 watafute 166, wakazipata kwenye mpira wa mwisho kabisa wakiwa wamebakiza wiketi mbili. Mpira wa mwisho, jamani. Miaka mitatu baadaye, 2000, Bangladesh wakapewa hadhi ya Testi na Kenya wakabaki nje, japo uwanjani katika miaka hiyo Kenya waliendelea kuwafunga Bangladesh mara kwa mara. Ukiuliza kwanini, jibu linakuja kwamba Bangladesh walikuwa na ligi ya klabu Dhaka inayojaza watu, walikuwa na umati wa watoto mitaani wanaocheza, kwahiyo hata timu yao ikifungwa leo kulikuwa na timu ya kesho. Kenya walikuwa na timu ya leo, nzuri, pengine nzuri kuliko ya Bangladesh, ila ukifungua mlango wa nyuma hukuti foleni. Dunia haikumwangalia Tikolo na 147 zake, iliangalia nyuma yake, na hapo ndipo naanza kutofautiana na hawa wanaosema kriketi ni habari ya mtu mmoja.

Tuje 2003, mwaka ambao kila mtu anaukumbuka hata kama hajui ova ni nini. Mimi nilikuwa shule ya bweni Iringa, tulisikia redioni kwamba Kenya wako nusu fainali ya Kombe la Dunia na tukadhani mtangazaji amekosea, tukaenda kumuuliza mwalimu. Tikolo ndiye alikuwa nahodha. Kombe lilikuwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya, na Kenya wakawafunga Canada, wakawafunga Bangladesh, wakawafunga Sri Lanka pale Nairobi, wakaingia hatua ya timu sita bora wakawafunga Zimbabwe pia, mpaka India wakaja kuwasimamisha Durban kwa tofauti ya mikimbio 91. Siku ile Tikolo alipiga 56 wakati wenzake wanaanguka upande wa pili.

Sasa kuna hoja inasema ile ilikuwa bahati, na mimi hii naiona ndio hoja dhaifu kuliko zote zinazozungumzwa. Ni kweli New Zealand walikataa kwenda Nairobi kwasababu za usalama na Kenya wakapewa pointi za bure, na pointi zile ziliwasaidia sana hatua ya pili, hilo halina ubishi na Wakenya wenyewe hawalikatai. Ila Sri Lanka hawakukataa kwenda. Walikwenda na kikosi chao kizima, Kenya wakapiga 210, wakawatoa wote kwa 157, kijana Collins Obuya akachukua wiketi tano. Na kama unasema 2003 ni bahati utasemaje kuhusu 1996, Kenya wamepiga mikimbio 166 tu halafu wakawatoa West Indies wote, timu ya Brian Lara hiyo, kwa 93? Utasemaje kuhusu 1998 walipowafunga India huko huko India, pale Gwalior, na 2001 wakawafunga India tena Port Elizabeth? Bahati haina tabia ya kurudi mara nne ndani ya miaka saba. Ile ilikuwa timu, na timu hutoka mahali.

Ilitoka wapi? Angalia majina, usiangalie takwimu. Steve Tikolo alikuwa na kaka, Tom, aliyewahi kuwa nahodha wa Kenya, na ndugu mwingine, David, aliyekuwemo kikosi cha 1996. Maurice Odumbe alikuwa na ndugu yake Edward. Martin Suji na Tony Suji, ndugu. Kennedy, David na Collins Obuya, tumbo moja, wote watatu wameichezea Kenya. Halafu wakaja akina Ngoche, Lameck, Nehemiah, James na Shem, ndugu wanne timu ya taifa ya wanaume na dada yao Margaret akawa nahodha wa timu ya wanawake. Mtu wa haraka haraka atasema aah basi ni damu, kuna familia zimebarikiwa. Hapana, fikiria vizuri. Katika jiji zima la Nairobi haiwezekani kipaji cha kupiga mpira kwa beti kiwe kimeshuka kwenye nyumba tano sita tu. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba familia hizo zilikuwa na njia ya kufika kwenye mchezo, mtoto wa kwanza akaingia klabu, akarudi nyumbani na beti na mpira, wadogo zake wakajifunzia nyuma ya nyumba, na klabu kama Swamibapa ambayo Tikolo aliichezea ikawa tayari inamjua kaka hivyo mdogo akifika mlango uko wazi. Kipaji kilikuwepo nyumba nyingine elfu, ila uwanja haukuwepo, wala kaka, wala mtu wa kumwambia njoo Jumamosi.

Hiyo ndio nguvu ya Kenya na ndio ugonjwa wake pia, kwa wakati mmoja. Nguvu, kwasababu inaonyesha ukimpa mtoto wa Kiafrika wa mtaa wa kawaida uwanja wa jirani na kaka wa kumwelekeza, atapiga 65 mbele ya India mechi yake ya kwanza, hahitaji miujiza. Ugonjwa, kwasababu mti wenye mizizi mitano ukikata miwili unayumba. Baada ya 2003 mizizi ikaanza kukatwa. Viongozi wa chama na wachezaji wakagombana kuhusu mikataba na malipo, mwaka 2004 wachezaji wakagoma, mwaka huo huo Odumbe akafungiwa miaka mitano kwa kuhusiana na mtu wa kamari, chama cha zamani kikavunjwa na kikaundwa kingine 2005. Katikati ya hayo mataifa makubwa yakawa hayaji kucheza nao, mechi za kimataifa zikawa za kuhesabu vidole, timu iliyofika nusu fainali ya dunia inakaa miezi na miezi haina mechi. Nani atawekeza hapo? Mtoto gani atamwona nani akicheza? Klabu za Nairobi zikaanza kukosa vijana wapya, mashuleni kukapoa, na wale wale wa 1996 wakaendelea kupangwa.

Ndio maana 2011 inaniuma kuliko kufungwa kokote. Tikolo ana miaka 39, amekwenda Kombe la Dunia la tano, Kenya wanatolewa wote kwa mikimbio 69 na New Zealand pale Chennai, wanapoteza mechi zote za mashindano, na yeye anaaga. Halafu mwisho wa 2013 wakamwita tena, ana miaka 42, aende kusaidia kwenye mashindano ya kufuzu. Watu wanaona hapo ukubwa wa Tikolo, na ni kweli ni mkubwa, ila mimi naona nchi iliyopita miaka kumi toka nusu fainali bila kupata mtu wa kumwambia mzee pumzika. Mwanzoni mwa 2014 Kenya wakapoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Kwahiyo ukisema Kenya walianguka Tikolo alipozeeka unakuwa umeona tarehe zikifuatana ukadhani moja imezaa nyingine. Walikuwa wameshaanguka kitambo, yeye alikuwa anashikilia ukuta usionekane umepasuka.

Sisi watu wa huku hatuna haja ya kwenda Nairobi kulielewa hili maana tunalo la kwetu. Tukuyu Stars, 1986. Timu ya wilayani Rungwe, ya ndizi na chai na mvua, ikapanda daraja na kuchukua ubingwa wa Tanzania mwaka ule ule, Simba na Yanga wakiwepo. Leo Tukuyu Stars haipo ligi kuu na haijakuwepo kwa muda mrefu sana. Je kuna mtu yeyote Mbeya aliyewahi kusimama akasema basi Wanyakyusa mpira sio mchezo wao, ile ilikuwa bahati, tuache? Hayupo. Kila mzee wa Tukuyu atakwambia ni hela, ni uongozi, ni wachezaji kuchukuliwa na timu za Dar na hakuna aliyejaza nafasi zao. Tunaelewa sababu kwasababu ni nyumbani. Na Mbeya City walipomaliza nafasi ya tatu msimu wao wa kwanza ligi kuu 2013/14, tukajaa Sokoine mpaka nje, hakuna aliyesema tulieni kumbukeni Tukuyu Stars, na waliposhuka daraja 2023 hatukuzika mpira wa Mbeya, tulisubiri wakarudi. Kwanini basi kriketi ya Kenya tunaihukumu kwa sheria ambayo kwetu hatuitumii?

Jibu la wengi ni kwamba kriketi sio yetu, ni ya Wahindi. Hii hoja siidharau, ina ukweli ndani yake na inabidi kuupima. Kwa Tanzania mchezo umeishi kwenye klabu na shule za jamii zenye asili ya Asia, Dar hasa, na timu zetu za vijana bado zina majina mengi ya huko, na mtoto wa Mwanjelwa akiangalia ile picha ya kikosi anaweza kujiona hayumo. Sio kosa la wale vijana, wao ndio walioubeba mchezo miaka yote sisi tumekaa, wanastahili shukrani na sio lawama. Hata timu ya kwanza ya ukanda huu kwenda Kombe la Dunia, ile ya Afrika Mashariki ya 1975 iliyochanganya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wengi walikuwa wa jamii hiyo, na walifungwa mechi zote tatu. Ila angalia kilichotokea kati ya 1975 na 1996. Zile zile klabu za Nairobi zikafungua geti, akina Tikolo na Odumbe wakaingia, na timu iliyowatoa West Indies ilikuwa na Tikolo na Odumbe pamoja na Aasif Karim na Hitesh Modi na Dipak Chudasama. Huyo Karim 2003 alikuwa ameshastaafu, ana miaka 39, wakamrudisha, akawarushia Australia mabingwa wa dunia ova nane na kidogo akaruhusu mikimbio saba tu na wiketi tatu juu. Mikimbio saba! Kwahiyo mchezo ulikuwa wa jamii moja na ukaacha kuwa wa jamii moja ndani ya miaka ishirini, na matokeo yakabadilika toka kufungwa zote mpaka nusu fainali. Anayesema ni wa Wahindi anaeleza hali ya leo ya Mbeya, haelezi kitu kisichobadilika. Na hii ya kwamba ni mchezo wa wakoloni sitapoteza muda, mpira wa miguu nao haukuzaliwa Kyela.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya hela. Mzazi wa Mbalizi ana mambo ya kulipia kabla ya pedi za kukinga miguu na helmeti, na halmashauri yenye shule zisizo na madawati haiwezi kuambiwa inunue beti. Sawa. Ila hebu tuangalie mchezo unahitaji nini ili mtoto wa miaka kumi auanze, tusiangalie unavyoonekana kwenye TV. Unahitaji kipande cha zege chenye urefu wa mita ishirini na ushee na upana wa mita tatu, unatandika mkeka juu yake, na kikishamwagwa vizuri kinadumu miaka. Mpira wa kuanzia ni wa tenisi, hauumizi, kwahiyo pedi na helmeti sio za siku ya kwanza. Beti ya mashindano inachongwa kwa mti maalum wa nje na ni ghali kweli, ila beti ya mtoto wa mpira wa tenisi fundi seremala wa Mafinga anaichonga kwa paini, na paini huku tunalo, Sao Hill iko pale. Uwanja ni ule ule wa shule wa mpira wa miguu. Mvua zinatusumbua Novemba mpaka Aprili, halafu Mei mpaka Oktoba ni kukavu, miezi sita ya kucheza bila kuahirisha, na watu wa Nairobi wanaokimbia na kupiga kwenye mwinuko wa mita 1,700 na kitu wako karibu sawa na sisi tuliopo Mbeya mjini. Kitu ambacho kweli ni cha gharama na hakinunuliki dukani ni mtu, yule kaka wa kusema njoo Jumamosi, na Jumamosi inayofuata awepo, na mwaka unaofuata awepo.

Na hapo Tikolo anarudi tena, maana baada ya kuacha kucheza alifanya kazi hiyo hiyo. Akawa kocha, akaifundisha Uganda, na hata timu yetu ya Tanzania imepita mikononi mwake. Uganda ambao miaka ile ya utukufu wa Kenya walikuwa mdogo wa nyumbani, waliendelea na mashule yao na ligi yao kimya kimya, wakawafunga Zimbabwe kwenye kufuzu mwishoni mwa 2023, wakaenda Kombe la Dunia la ova 20 la 2024 na kushinda mechi dhidi ya Papua New Guinea, Frank Nsubuga akiwa na miaka 43 akirusha ova nne na kuruhusu mikimbio minne tu. Siwaambii Uganda wamemaliza kila kitu, maana mechi nyingine West Indies waliwatoa kwa 39, na mtu wa miaka 43 kuwa tegemeo ni dalili ile ile niliyoisema kwa Kenya, wanatakiwa kuiangalia mapema. Ila wanaonyesha kwamba mchezo haukuzikwa Nairobi, ulihama kwa mtu aliyekuwa anaandaa watoto.

Kwahiyo swali langu kwa maafisa michezo wa mikoa yetu, kwa walimu, na kwa chama cha kriketi cha taifa ambacho sasa kina mafanikio ya kuonyesha na dunia inakiangalia, sio lini Mbeya itatoa Tikolo wake. Hilo swali ndilo lililowapoteza Kenya, walikuwa naye na wakaacha kuuliza mengine. Kombe la Dunia la wakubwa 2027 linakuja Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, nchi mbili kati ya zile tatu za 2003, aliyekosekana ni Kenya. Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na kriketi, wanaume na wanawake, timu sita sita. Hizo mbili zitatupita, tusidanganyane. Ila mtoto mwenye miaka kumi mwaka huu 2026 pale Iyunga, au Kihesa, au Njombe mjini, kombe la vijana la 2034 atakuwa na miaka 18. Nataka kujua shule gani mbili tatu zitamwagiwa zege kiangazi hiki kabla mvua za Novemba hazijaanza, mwalimu gani atapelekwa kozi, na nani amepewa jukumu la kurudi hapo mwakani kuhakikisha mwalimu huyo hajahamishwa.